Zilitengenezwa ngapi? Jinsi ya kutafuta idadi ya magari ya zamani kabla hujauza skrepa



Ukikaa na mafundi wa huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini mpaka Geita, stori ya gari la zamani haikosi. Mmoja ana Landrova ya marehemu baba yake, mwingine ana Bedford isiyo na injini, wa tatu ana jipu la vita limekaa chini ya mwembe na kuku wanataga ndani. Na stori zote zinaishia pale pale: "Hizi ziko chache sana duniani." Ukimuuliza chache ngapi, anakutajia namba aliyoambiwa na dalali. Ukimuuliza hiyo namba ilihesabu nini hasa, kimya.

Mimi nimekuwa nikifuatilia idadi za magari ya zamani ya Kimarekani kwa muda mrefu, hasa Jeep ya Vita Kuu ya Pili. Naweka hapa utaratibu ninaoutumia ili na mwingine aufuate. Huku gari bovu lina wateja wawili: wa skrepa anayelipa kwa kilo, na wa "mali adimu" anayelipa kwa maneno. Usipozijua namba zako, wote wawili watakupiga.

NAMBA MBILI, NA ZOTE ZA KWELI

Watu wa Shinyanga tusishangae jambo hili. Almasi ya pinki iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ile ambayo Dk. John Williamson alimzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na uzito gani? Mmoja atakwambia karati 54.5, mwingine karati 23.6. Wote wako sahihi. Ya kwanza ni jiwe kama lilivyotoka ardhini, ya pili ni jiwe baada ya kukatwa. Kosa ni kuitaja namba bila kusema ni ya hatua gani.

Magari ni hivyo hivyo. Chukua Ford Mustang, iliyoanza kuuzwa tarehe 17 Aprili 1964. Kuna wanaoandika 418,812, na kuna wanaoandika 680,989. Ya kwanza ni magari yaliyouzwa katika miezi 12 ya mwanzo. Ya pili ni magari yote yaliyotengenezwa katika "mwaka wa modeli 1965", ambao Ford waliurefusha ukaanzia masika ya 1964. Yaani mwaka wa kiwanda si lazima uwe Januari mpaka Desemba. Ukichanganya hizo mbili unapata "hitilafu" ya magari zaidi ya 260,000 ambayo haipo.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Kila nikipewa namba, nauliza hivi:

1. Yalitengenezwa mangapi? Yaani yaliyopewa namba ya chesisi kiwandani.

2. Yaliuzwa au kukabidhiwa mangapi? Si lazima ilingane na ya kwanza. Chevrolet Corvette ya 1983 ilitengenezwa magari 43 ya majaribio na halikuuzwa hata moja. Lililobaki ni moja, lipo kwenye makumbusho ya Corvette huko Bowling Green, Kentucky. Jirani zetu Kenya nao walikuwa na Nyayo Pioneer, mradi uliobuniwa mwaka 1986 na kuzinduliwa 1990: yalitengenezwa magari matano, hayakufika sokoni. Ukisema "Nyayo zilikuwa tano" uko sahihi. Ukisema "hakuna Nyayo iliyouzwa dukani", hapo pia uko sahihi.

3. Yamebaki mangapi? Hili kiwanda hakilijui. Kiwanda kinajua kilichotoka getini, hakijui kilichokatwa kwa gesi Ushirombo.

4. Yalikuja mangapi kwetu? Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo dalali analikwepa. Mfano mzuri ni Mercury Comet. Mwaka 1964 Wamarekani walileta timu ya Comet kwenye mashindano ya East African Safari. Magari 94 yalianza, 21 tu yakamaliza, na Comet zilizofika mwisho zilikuwa mbili, nafasi ya 18 na ya 21. Comet kwao Marekani lilikuwa gari la kila mtaa. Zile zilizokula vumbi la Afrika Mashariki ni jambo lingine kabisa. Gari linaweza kuwa la kawaida duniani na adimu hapa, au kinyume chake.

MFANO KAMILI: JEEP YA VITA

Nimeichagua Jeep kwa sababu ndiyo inayosumbua zaidi, na kwa sababu Landrova zetu ni wajukuu zake. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya jeshi shambani kwake, ndipo likaja wazo la Landrova, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Historia kwa kifupi. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliomba viwanda vitengeneze gari dogo lenye kuvuta magurudumu yote manne. Kampuni ndogo ya Bantam ya Butler, Pennsylvania, ilipeleka gari la kwanza Septemba 1940. Willys-Overland ya Toledo, Ohio, na Ford zikafuata na za kwao. Mwaka 1941 Willys akapata zabuni kubwa, lakini vita vilitaka magari mengi kuliko kiwanda kimoja kinavyoweza, hivyo Ford akapewa michoro ya Willys atengeneze gari lile lile. La Willys linaitwa MB, la Ford linaitwa GPW.

Sasa namba. Ford GPW huandikwa 277,896. Willys MB vitabu vingi vinaweka kati ya 359,000 na 362,000. Jumla ya hizo mbili ni zaidi ya 630,000, na ukiongeza zile za majaribio za mwanzo za kampuni zote tatu inasogea karibu na 650,000. Kwa hiyo mtu akikwambia Jeep ya vita ni adimu kwa sababu "zilitengenezwa chache", mpe maji anywe.

Lakini kuna Jeep ambazo kweli zilikuwa chache. Willys MA, iliyotangulia MB, zilikuwa kama 1,550 tu. Na MB 25,808 za mwanzo zilikuwa na shoo ya mbele ya vyuma vilivyochomelewa kama nondo za dirishani, tofauti na shoo ya bati iliyokuja baadaye. Hapo ndipo ujanja unapoanza.

Mzee mmoja wa vijiji vya huku Kahama alinionyesha jipu lake. Dalali alikuwa amemwambia zilitengenezwa 1,500 tu dunia nzima, na kwamba atoe hela kidogo ya "cheti" ili atafutiwe mnunuzi wa nje. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, hii namba ni ya kweli?" Nikamjibu, "Mzee wangu, namba ni ya kweli, ila gari si hilo." Namba ilikuwa ya MA. Na MA gia yake ipo kwenye usukani. La mzee gia ilikuwa sakafuni. Haikuhitaji hata kufungua boneti. Tukageuza bolti kadhaa, tukakuta herufi F imegongwa kichwani: mkono wa Ford. Mzee hakutoa hela ya cheti, na dalali hakurudi tena.

Mnaona? Dalali hakuhitaji kutunga uongo. Alichukua namba ya kweli ya gari moja akaivisha gari jingine. Uongo wa aina hii ndio mgumu kuukamata, kwa sababu ukiitafuta ile namba unaikuta imeandikwa kabisa.

JINSI YA KULITAMBUA GARI LENYEWE

Kabla ya kutafuta idadi, hakikisha unajua una gari gani. Hatua hizi hazihitaji fundi bingwa:

Sumaku. Iweke kwenye bodi. Bodi ya Landrova za zamani ni ya aluminiamu, sumaku haishiki sehemu kubwa ya bodi. Bodi ya Jeep ni chuma, inashika.

Futi. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Jeep ya vita ni inchi 80, yaani kama sentimita 203. Angalizo: Landrova za mwanzo kabisa nazo zilikuwa inchi 80, ndiyo maana tumeanza na sumaku.

Shoo ya mbele. Hesabu nafasi za kupitisha hewa. Jeep ya vita yenye shoo ya bati ina tisa. Jeep ya kiraia iliyokuja baada ya vita, CJ-2A, ina saba, taa zake ni kubwa zaidi na nyuma ina mlango wa kushusha. Wapo wanaoiuza CJ-2A kama gari la vita. Na Wafaransa waliendelea kutengeneza Jeep yenye nafasi tisa kwa leseni, inaitwa Hotchkiss M201, zaidi ya 27,000. Wahindi wa Mahindra nao walianza kuunganisha Jeep za Willys mwaka 1947. Kwa hiyo neno "Jeep" peke yake halitoshi.

Chesisi. Angalia chuma kinachokingama mbele, chini ya radieta. Kwa Willys ni bomba la duara. Kwa Ford kimekunjwa mfano wa herufi U iliyopinduliwa. Bodi inaweza kubadilishwa, injini inaweza kubadilishwa, lakini mtu akibadilisha chesisi, amebadilisha gari.

Herufi F. Ford alikuwa anagonga F kwenye spea zake, mpaka kwenye bolti. Lakini spea za Ford na Willys zinaingiliana, na jeshi lenyewe lilikuwa linachanganya. Ukikuta F tano na sehemu nyingine hazina, usiseme limechakachuliwa. Huenda lilichanganywa kambini miaka ya vita. Bolti inakwambia bolti ilitoka wapi. Gari linatambulishwa na chesisi.

KUSOMA NAMBA YA CHESISI BILA KUJIDANGANYA

Kwenye Willys namba ipo kwenye kibati kilichopigwa ribiti upande wa ndani wa chesisi, kushoto, nyuma ya bampa la mbele. Kwenye Ford imegongwa juu ya chesisi upande huo huo wa kushoto, karibu na injini inapokaa. Usitumie grainda! Tumia brashi na mafuta ya taa, kisha weka karatasi juu na uisugue kwa penseli mpaka namba itokee. Piga na picha.

Ukishaipata, kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: namba haikuanzia moja. Willys MB ilianzia 100001. Ukikuta MB 250000 usiseme yako ni ya laki mbili na nusu. Toa laki moja. Yako ni ya kama laki moja na nusu. Nimeona watu wanachukua namba kubwa waliyowahi kuiona na kuitangaza kuwa ndiyo idadi iliyotengenezwa. Hiyo ni kuhesabu magari laki moja hewa.

Mtego wa pili: injini na chesisi. Kwa Ford GPW, namba ya chesisi ilichukuliwa kutoka kwenye namba ya injini iliyofungwa kiwandani, hivyo gari ambalo halijaguswa zinalingana. Kwa Willys hazikulingana tangu siku ya kwanza. Dalali akikushushia bei ya Willys kwa sababu "namba hazifanani", mwambie akasome.

Mtego wa tatu: kadi ya gari. Kadi huku imeandikwa upya mara nyingi, na wakati mwingine namba ya injini imeingia kwenye nafasi ya chesisi. Namba ya usajili nayo ukiona inaanza na T usidhani inakwambia umri wa gari. Magari ya zamani yalipewa namba mpya pia. Kadi ni ushahidi wa umiliki. Umri na asili viulize kwenye chuma.

NA LANDROVA JE?

Najua wengi wenu mna Landrova, si Jeep. Hapa kuna habari njema na mbaya. Njema ni kwamba jumla inajulikana: mpaka mstari wa Solihull ulipofungwa tarehe 29 Januari 2016, zilitoka 2,016,933, kuanzia Series za mwanzo mpaka Defender. Mbaya ni kwamba namba ya chesisi haikuwa mstari mmoja. Kwa magari ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, tarakimu tatu za mwanzo zilionyesha aina ya gari, upande wa usukani, na kama lilitoka Uingereza zima au vipande vya kuunganishwa nje. Kila kundi lilikuwa na mfululizo wake. Kwa hiyo tarakimu za mwisho zinakwambia nafasi ya gari lako ndani ya kundi lake tu.

Na hapo kwenye vipande kuna mtego wetu wenyewe wa Afrika Mashariki. Landrova zimeunganishwa Thika, Kenya, na kiwanda cha Leyland Kenya. Gari hilo hilo linaweza kuandikwa Uingereza kama seti ya vipande na kuandikwa tena Thika kama gari. Ukijumlisha vitabu viwili bila kuuliza, umehesabu gari moja mara mbili.

NANI ANA KUMBUKUMBU?

Kwa magari ya Ford na Mercury ya 1967 na kuendelea, kampuni ya Marti Auto Works ya Arizona ina leseni ya kutumia kumbukumbu za kiwanda: unawapa namba ya chesisi, wanakueleza gari lilitoka na nini na mangapi yalifanana nalo. Kwa Pontiac kuna Pontiac Historic Services. Kwa magari mengi ya Kiingereza, makumbusho ya Gaydon, Uingereza, hutoa vyeti kutoka kwenye vitabu vya kiwanda. Huduma hizi ni za kulipia, lakini unalipa mwenyewe moja kwa moja, humpi dalali. Jambo jingine: namba ya chesisi ya tarakimu na herufi 17 ni ya magari ya modeli ya 1981 na kuendelea. Ya nyuma ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, kwa hiyo tovuti inayodai kusoma namba ya gari lolote la 1943 kwa kubofya mara moja, iogope.

ULIZA PIA NANI KAHESABU

Hili sisi wa ukanda wa dhahabu tumeshalisomea darasa. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikasema kila kontena lina wastani wa kilo 28 za dhahabu. Kampuni ya Acacia ikapinga, ikasema kiasi ni kidogo mno kuliko hapo. Makontena yale yale! Miaka miwili baadaye yakaisha kwa Barrick kukubali kulipa dola milioni 300 na serikali kupata asilimia 16 ya hisa. Sirudii ubishi ule hapa. Ninachosema ni kwamba anayehesabu ana maslahi yake, na namba isiyo na jina la aliyehesabu, alichohesabu na njia aliyotumia, ni tetesi yenye tarakimu.

Kwenye magari ni vile vile. Muuzaji anapenda namba ndogo, mnunuzi anapenda namba kubwa, kiwanda kinapenda namba ya matangazo, na jeshi lilihesabu yaliyopokelewa. Andika kila namba pamoja na mwenyewe.

KABLA HUJAITA MTU WA SKREPA

Sikatazi mtu kuuza chuma chake. Ada za watoto hazisubiri makumbusho. Ila Jeep ni tani moja hivi ya chuma, na kwenye mzani wa skrepa inalingana na tani moja ya mabati. Yale maswali mawili ya mwanzo yana majibu kwenye vitabu vya Marekani na Uingereza. Maswali mawili ya mwisho, yaliyobaki mangapi na yalikuja mangapi kwetu, jibu lake lipo kwenye chesisi zilizolala huku Shinyanga, Kahama, Nzega na Geita, na kila inayokatwa inaondoka na ukurasa wake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla moto wa gesi haujawashwa, chukua dakika kumi: sugua namba kwa penseli, piga picha ya shoo, ya chuma cha mbele na ya injini, andika mwaka ulioambiwa gari lilifika na limetokea wapi. Ukishauza, karatasi hiyo ibaki nyumbani. Wenye namba za Jeep au Landrova za zamani za mikoa hii waandike hapo chini: aina, tarakimu za mwanzo za chesisi (za mwisho zifiche kwa usalama wako), na wilaya gari lilipo. Tukipata hata hamsini, tutakuwa na hesabu yetu wenyewe ambayo hakuna kiwanda kinaweza kutupa.